Kona ya Fundi: Kila mtu anajenga pa kurukia, pa kutua je?

Mwezi huu meseji za baiskeli zimekuja nyingi mpaka maswali ya milango na makabati nimeyaweka kando. Shule zimefungwa, watoto wako nyumbani, nshaelewa.

Shikamoo fundi. Mwanangu ana miaka 11, ana baiskeli ya BMX ya inchi 20, kila nikirudi kazini nakuta kaegemeza mlango mbovu juu ya matofali anarukia. Nimechoka kumbomolea, nimeona bora nimtengenezee kitu cha maana. Drili ninayo, jigsoo ntaazima. Nianzie wapi? – Baba Mruka Mlango, Kigamboni

Marahaba ndugu yangu. Nimecheka, maana huo mlango naujua. Wa kwangu ulikuwa ubao wa moja kwa nane juu ya tofali mbili, baiskeli ilikuwa Foniksi ya mjomba, na hakuna mtu aliyeniambia kwamba ubao usiposhikiliwa na kitu unarudi nyuma. Tairi la nyuma lilivyofika katikati ubao ukateleza kama kuna mtu kauvuta, tofali likalala, baiskeli ikabaki pale na mi nikaendelea na safari peke yangu. Mkono ukafungwa P.O.P na mjomba akaulizia kwanza hali ya Foniksi.

Asa twende kazini. Ubao ulionyooka una shida mbili, chini pale unapoanza kuna kona, tairi linagonga badala ya kupanda, na juu ukifika mwisho tairi la mbele linaanza kudondoka wakati la nyuma bado liko kwenye ubao, kwaiyo baiskeli inaangalia chini kabla hata haijaruka. Ndo maana rampu, yani hicho cha kurukia, inatakiwa ikunje, ianze imelala kabisa na iinuke taratibu kama kipande cha duara kubwa. Kwa umri huo mi ningeenda na duara la nusu kipenyo sentimita 240 na kimo cha sentimita 45. Ukikata hivo urefu wa chini unakuja kama sentimita 140 na pale juu mdomo unakuwa na nyuzi kama 35, inampaisha vizuri bila kumrusha mgongo.

Kuchora ni msumari na kamba tu. Laza plaiwudi ya mm 18 sakafuni, ukingo wake mrefu ndo chini ya rampu. Weka alama pale rampu inapoanzia, karibu na kona ya ubao, alafu kutoka hapo panda juu sentimita 240 kwa pembe mraba kabisa, tumia skwea usikadirie kwa jicho. Utajikuta uko nje ya ubao, usishangae, gonga msumari hapohapo chini (kama sakafu ni ya tailizi kafanyie kazi nje, usije ukaniletea kesi na mama mwenye nyumba). Funga kamba isiyovutika, sio mpira sio nailoni nyembamba, penseli iwe kwenye ile alama ya kwanza kamba ikiwa imekaza, alafu swaga penseli mpaka ufike kimo cha sentimita 45. Hapo kata wima kushuka chini. Ubavu wa kwanza huo, ukate, uweke juu ya ubao uchore wa pili kwa kuufuata, usirudie kamba maana mara ya pili haitoki sawa hata ufanyaje. Shiti moja ya nane kwa nne inatoa zote mbili na inabaki.

Katikati ya mbavu unaweka mbao za mbili kwa nne zimelala kama ngazi, kila baada ya sentimita 20, na pale mdomoni weka mbili zimebanana maana ndo panapopigwa sana. Ukitaka upana ulingane na shiti ya plaiwudi kata kila moja sentimita 118 na nusu, ukijumlisha unene wa mbavu mbili inakuja 122. Mbao ya futi 12 inatoa tatu, kwaiyo mbao tatu zinakupa tisa, inatosha na moja ya akiba kama utakata vibaya, na utakata vibaya.

Hapa wengi wanaharibu: uso wa juu. Watu wananunua mm 12 moja wakiona ndo imara, alafu inagoma kukunja, wanaita majirani waikalie, inapasuka. Chukua mm 6 mbili, moja juu ya nyingine. Moja moja zinakunja zenyewe kwenye mkunjo wa 240, zikishapigwa pamoja na gundi kati zinakuwa ngumu. Anzia skrubu kule chini panapolala, panda taratibu, mtu mmoja anakandamiza mwingine anafunga. Na nasema skrubu, sio misumari. Msumari kwenye kitu kinachotikisika kila siku unapanda wenyewe, siku moja tairi linaukuta, au goti. Kichwa cha skrubu kizame kidogo ndani ya ubao, pitisha kidole ukikisikia rudia.

Mwisho pale chini uso unaanza na kidaraja cha mm 12, kadogo lakini tairi la inchi 20 linakasikia. Nenda kwa wachomeleaji waombe kipande cha shiti ya chuma ya mm 2, upana wa rampu na urefu wa sentimita 25 hivi, kunja kidogo, funga kwa skrubu upande wa juu tu. Kona zake zisagwe na grainda zisije kukata mtu mguu.

Fundi mambo, rampu ninayo nzuri tu nimejenga mwenyewe, tatizo nikiruka natua vibaya, mgongo unauma na juzi rimu ya nyuma imepinda. Natua kwenye pevingi. Niiweke mbali gani na mto wa kutulia? – Dogo wa Mbezi

Poa dogo. Swali lako ndo lilitakiwa liwe la kwanza kwenye ukurasa huu. Kila mtu anajenga pa kurukia, hakuna anayejenga pa kutua.

Hebu fanya hesabu na mimi, tuchukue ileile rampu ya sentimita 45. Ukiiingia na spidi ya kilomita 20 kwa saa, yani kupedeli kwa kawaida tu, unaruka kama mita 2 na ukiwa juu kabisa matairi yako yako kama sentimita 80 kutoka chini. Kwa hiyo ukitua kwenye pevingi ni sawa na umeruka na baiskeli kutoka juu ya meza ya kulia chakula. Ukiongeza spidi kidogo, 25, hujaona hata tofauti kwenye miguu, lakini sasa unaenda karibu mita 4 na kimo kinapita mita moja. Umeona hiyo? Kilomita tano tu za spidi na umbali umekaribia mara mbili. Ndo maana sikupi namba ya kuweka mto, mto utakaa mahali pamoja we utatua kwingine, na godoro ndo baya zaidi maana tairi la mbele linazama linasimama, we unaendelea.

Unachotaka ni meza na mteremko. Nyuma ya rampu jaza udongo usawa wa mdomo, sentimita zilezile 45, uwe tambarare kwa mita moja na nusu hivi, alafu ushuke mpaka sifuri ndani ya mita moja. Ukiruka fupi unatua juu ya meza, unadondoka kidogo tu, hakuna shimo la kukumeza. Ukiruka sawasawa unatua kwenye mteremko na baiskeli inateleza nao badala ya kupiga chini, kwa sababu we mwenyewe unashuka ukiwa umeinama na ardhi nayo imeinama hivohivo. Ule uzito unageuka spidi ya mbele, hauingii kwenye rimu wala mgongoni. Ukipita mteremko wote ujue spidi imezidi, punguza.

Udongo uwe wenye ufinyanzi kidogo, mwagia maji, shindilia kwa tabaka za sentimita kumi, usimwage wote mara moja ukapiga juujuu. Mchanga mtupu haushiki. Kifusi cha bure ukiletewa kichambue kwanza, mle kuna vigae na chupa. Na kwenye pevingi udongo unaulaza juu ya turubai, mama asije akakuta uwanja mwekundu.

Kuhusu rimu, hebu niambie ukweli, unatua umekaa? Simama kwenye pedeli, zote mbili usawa mmoja, magoti na viwiko vimelegea. Kiti sio cha kukalia hapo. Na breki ya mbele isahau kabisa ukiwa karibu na mdomo.

Fundi, sisi huku Mombasa mbao haikai. Rampu ya kijana wangu ilimaliza mvua moja tu, plaiwudi ikafura ikaachana kama mkate wa mofa, na mchwa nao wakaanza chini. Nitumie nini? – Mama wa Likoni

Pole mama. Hiyo ilikuwa plaiwudi ya ndani, ile ya kabati, gundi yake haipendi maji. Uliza marine board, ile ya kahawia inayotumika kumwagia zege, ni ghali ila inakaa. Sasa ina ubaya wake, ule uso wake laini ukilowa unateleza kama sabuni, kwaiyo usitumie hivohivo. Ikwaruze na msasa mnene, paka rangi ya mafuta, na ikiwa bado mbichi nyunyizia mchanga mkavu uliochekechwa, ikikauka fagia uliolegea upake mkono wa pili. Kingo zilizokatwa ndo mlango wa maji, hizo zipakwe mara tatu.

Mchwa, inua rampu isiguse udongo, vipande vya tofali kila kona na katikati, na mbao za chini zipige oili chafu. Za chini tu mama, sio juu, nimeshaona mtu aliyepaka yote ili isioze, mtoto alipanda nusu akarudi kinyumenyume. Rampu ikikaa juu ya tofali ile shiti ya chuma ya mbele iongezwe urefu ifike chini. Na usiku isimamishwe ubavu, ifunikwe turubai lisiloigusa juu ili hewa ipite.

Wangu ana miaka 7, kaona wenzake anataka. Nimkatalie? Na helmeti ya bodaboda inafaa? – Dada, Morogoro

Usimkatalie, mfupishie. Chora mkunjo uleule wa 240 lakini ukate ukifika kimo cha sentimita 20, urefu utakuwa sentimita 96 hivi, ataonja hewa kidogo basi. Wiki kadhaa apite juu yake tu bila kuruka, taratibu, ajue baiskeli inavyoinuka.

Helmeti ya bodaboda ya mtu mzima hapana, nzito kwa shingo ya miaka 7 na inazunguka kichwani. Mnunulie ya baiskeli saizi yake: akitikisa kichwa isicheze, na mkanda chini ya kidevu upitishe vidole viwili tu. Gloves na pedi za magoti ziwepo, viganja ndo vinatangulia chini siku zote.

Mzee wangu anasema haya ni mambo ya wahuni, kanizuia kujenga. Nimwambieje? – Kijana, Dodoma

Mwambie mbio za BMX ziko Olimpiki tangu Beijing 2008, na zile za kuruka kwenye rampu ziliingia Tokyo, mashindano yaliyofanyika 2021. Mwingereza Charlotte Worthington alianguka raundi ya kwanza kabisa, akarudi raundi ya pili akafanya kilekile kilichomwangusha, akachukua dhahabu. Ila sidhani kama mzee shida yake ni Olimpiki. Mi nahisi umejenga mbele ya geti na gari lake halipiti. Hamishia nyuma kwanza alafu ndo uongee naye, na ukimwomba akushikie kamba wakati unachora mkunjo, atakataa mara ya kwanza, ya pili atakuja kukukosoa skwea.