Kula vya kukaanga Seoul: mambo ya kujua kabla hujaagiza

Vijana wanaopata ufadhili wa kwenda kusoma Korea Kusini wakinitafuta, huanza na baridi, wakaja kwenye lugha, halafu kwa sauti ya chini kidogo: "Dada, huko tutakula nini?" Wameangalia tamthilia za Kikorea mpaka majina ya vyakula wanayajua, ila picha iliyowakaa kichwani ni ya nyama inayochomwa mezani. Nyama ile ni ghali, mara nyingi ni ya nguruwe, na migahawa mingi ya namna hiyo haitaki mteja aliyekuja peke yake. Kwa mwezi wa kwanza achana nayo. Tafuta bunsik.

Bunsik ni vile vyakula vya haraka vya bei nafuu, na vijumba vinavyoviuza viko kila kona: jirani na shule, kwenye midomo ya vituo vya treni za chini ya ardhi, ndani ya masoko. Meza nne au tano, orodha ya vyakula imebandikwa ukutani, mama mmoja yuko jikoni na karai la mafuta liko mbele ya macho yako. Sahani ya tteokbokki au gimbap moja, yaani wali uliokunjwa ndani ya mwani, utaipata kwa won elfu chache tu. Asili yake ni dhiki. Baada ya vita vya 1950 hadi 1953 mchele ulikuwa haba, ngano ikaja kwa wingi kama msaada kutoka Marekani, na katika miaka ya 1960 na 1970 serikali ikawahimiza watu wale vyakula vya unga, hata zikatengwa siku ambazo mikahawa haikuruhusiwa kuuza wali. Watoto wa shule wa wakati ule leo ni babu na bibi, na bado wanapanga foleni pale pale.

Tteokbokki huwezi kuikwepa. Ni vipande vya unga wa mchele au wa ngano, laini na vyenye kunata, vinavyochemka ndani ya rojo jekundu la gochujang, yaani pilipili iliyochachushwa na soya. Mtaa wa Sindang-dong umejaa maduka ya chakula hiki, na sifa ya kukianzisha kwa rojo jekundu hupewa Ma Bok-rim, aliyekuwa akiuza hapo tangu 1953. Kabla yake ilikuwapo ya mchuzi wa soya, chakula cha watu wa kasri. Huko Sindang-dong unapikiwa mezani kwenye jiko dogo la gesi, na rojo likikaribia kukauka unaomba wali ukaangwe humo humo. Usiondoke bila huo wali.

Neno kwa wanaojisifu kwamba wamekulia pilipili mbuzi: pilipili ya Kikorea haiifikii kwa ukali. Tatizo ni kwamba rojo lina sukari nyingi, kwa hiyo ulimi unadanganyika, unakula haraka, na moto unakuja ukiwa umeshamaliza nusu ya sahani. Agiza kitu kikavu cha kusindikizia. Na hapo ndipo tunafika kwenye karai.

Vitu vya kukaanga vinaitwa twigim. Utaviona vimepangwa nyuma ya kioo: ngisi, kamba, viazi vitamu vilivyokatwa vipande vyembamba, pilipili ndefu zilizojazwa nyama, mayai ya kuchemsha yaliyovishwa unga, na gimmari, ambacho ndicho kipimo changu cha duka. Gimmari ni tambi nyembamba za wanga wa viazi vitamu zilizokunjwa ndani ya mwani, zikachovywa kwenye uji wa unga na kukaangwa. Kikikaangwa sawasawa, ganda linavunjika kwa mlio, mwani unabaki na harufu yake ya bahari, na tambi za ndani zinateleza bila kushikana. Kikiwa kibaya, mafuta yamejaa kwenye tambi na ukikibana kwa vijiti vya kulia yanachuruzika. Kwa hiyo ukiingia duka geni, agiza gimmari kwanza. Ikiwa mbovu, kula gimbap uende zako.

Vitu hivyo vya nyuma ya kioo vimeshakaangwa mara moja. Ukiagiza, vinarudishwa kwenye mafuta. Usidhani unauziwa viporo, maana huo ndio ufundi wenyewe. Mara ya kwanza moto ni wa wastani, chakula kinaiva na maji mengi yanatoka. Kikipumzika, unyevu uliobaki ndani unasogea kwenye ganda. Mara ya pili mafuta yana moto mkali, na unyevu huo unaondoka kwa muda mfupi kabla ganda halijaungua. Wengi pia huchanganya unga wa ngano na wanga wa viazi au wa mahindi, na wanga ndio unaoleta ule ukavu mwepesi. Nimekuwa nikifanya hivyo kwa kuku wa kisasa hapa nyumbani, na matokeo yanaridhisha hata kwa jiko la mkaa, mradi uwe na subira ya kumwacha kuku apoe kati ya mikaango miwili.

Ila ufundi huo haufichi mafuta machovu. Simama dakika moja uangalie kabla hujakaa. Mafuta yakiwa na rangi ya chai ya rangi na povu lisilotulia, toka. Vitu vikiwa vimerundikwa juu ya karatasi badala ya kuwekwa kwenye wavu, vitakuwa vimelegea chini. Saa nayo ni muhimu. Wanafunzi wakishatoka shule, jioni jioni, vitu vinauzika haraka na karai halipumziki. Katikati ya asubuhi utakuta vilivyokaa tu.

Wakorea wengi huvichovya vya kukaanga kwenye rojo la tteokbokki, na maduka mengine humwaga rojo lote juu yake bila kukuuliza. Ni kitamu, lakini baada ya muda mfupi ule mlio unakuwa umekwisha. Jifunze kusema "soseu ttaro juseyo", uletewe rojo pembeni, uchovye kipande kimoja kimoja. Kwangu hii ina faida kuliko nusu ya maneno niliyofundishwa darasani.

Kuku wa kukaanga ana maduka yake, na hapo bei inapanda: kuku mzima huwa kwenye won 20,000 au zaidi. Historia yake si ndefu. Mafuta ya kupikia ya soya yaliyotengenezwa kiwandani yalianza kuenea miaka ya 1970, kuku wa kufugwa wakawa wengi, na 1977 Lim's Chicken ikafungua duka la kuku wa kukaanga wa vipande mjini Seoul. Kuku wa rojo tamu la pilipili, yangnyeom, anahusishwa na Yoon Jong-gye wa mji wa Daegu, ambako wateja walikuwa wakilalamika kwamba kuku akipoa anakuwa mgumu. Kyochon nao, walioanza 1991 katika mji wa Gumi, wakajipatia jina kwa kuku wa kupakwa mchuzi wa soya na kitunguu saumu kwa brashi, bila kulowanishwa.

Ukiwa mgeni agiza "banban", nusu mkavu na nusu wa rojo, uanze na huyu wa rojo kwa sababu ndiye anayelegea mapema. Mkavu atakusubiri. Kile kibakuli cha vipande vyeupe vya mraba ni achari ya figili, usikidharau, kinakata mafuta mdomoni. Wenyeji huteremshia kwa bia, lakini soda haishangazi mtu. Ukichukua wa kwenda naye bwenini, fungua kifuniko cha boksi njiani, la sivyo mvuke wake mwenyewe utamharibu. Kama uko peke yako na kuku mzima ni mzigo, nenda sokoni ununue dakgangjeong, vipande vidogo vilivyozungushiwa asali ya nafaka iliyokolea, vinauzwa kwenye kikombe cha karatasi. Vile hubaki vikavu hata vikipoa, na soko la Sokcho, mji wa pwani ya mashariki, limejulikana kwa sababu yake.

Sasa kwa Waislamu wenzangu, na hapa nitanyoosha. Nguruwe yumo mahali usipomtegemea. Sundae, ile soseji nyeusi inayokaa kando ya tteokbokki, ni utumbo wa nguruwe uliojazwa damu na tambi. Gimbap ya kawaida ina kipande cha ham, yaani nyama ya nguruwe iliyosindikwa, na hata ile ya samaki jodari mara nyingi inacho, kwa hiyo sema "haem ppae juseyo", yaani toa ham, kabla mama hajaanza kukunja. Soseji za vile vijiti vilivyochovywa unga na kunyunyiziwa sukari, uliza. Gochujang za viwandani nyingi huongezwa alkoholi kidogo ili zisiharibike, soma pakiti. Na viazi vitamu vyako huenda vimekaangwa kwenye karai lile lile la mandu, vile vifuko vya unga vilivyojazwa nyama ya nguruwe. Kila duka hutakiwa kubandika nchi ilikotoka nyama. Ukiona kuku asiye na mfupa ametoka Brazil, usijijazie mwenyewe kwamba basi ni halali, eti kwa kuwa Brazil huuza kuku wa halali.

Suluhisho langu lilikuwa mtaa wa Itaewon. Msikiti Mkuu wa Seoul uko pale juu ya kilima tangu 1976, na kwenye njia za kuuzunguka kuna migahawa ya halali, ikiwamo inayopika vyakula vya Kikorea vyenyewe, kuku wa kukaanga akiwamo. Nenda Ijumaa baada ya swala, utakutana na Waswahili wenzako, na mmoja wao atakuonyesha duka la mchele wa pishori na nazi ya kopo. Shirika la Utalii la Korea nalo hupanga migahawa kwa madaraja, kuanzia yenye cheti cha halali hadi ile isiyotumia nguruwe tu. Soma daraja, usitosheke na kuona jina limo kwenye orodha.

Kwa asiye na masharti hayo, au anayekula mboga, soko la Gwangjang, lililoanzishwa 1905, lina bindaetteok: choroko zilizolowekwa, zikasagwa kwenye jiwe la mkono au la mota, zikakaangwa kwa mafuta mengi hadi kingo ziwe za kahawia. Mtu wa pwani akionja atasema ni bajia ya kunde iliyokandamizwa ikawa chapati. Uliza kama imewekwa nyama, na katika soko lolote lenye watalii uliza bei na ukubwa wa sahani kabla hujakaa kwenye benchi.

Mambo madogo ya mezani: maji unajichotea mwenyewe, vijiti na vijiko viko kwenye droo ubavuni mwa meza, achari huongezwa bure, malipo ni kaunta unapotoka, na bakshishi hakuna. Duka likiwa na mashine ya kuagizia mlangoni, tafuta kitufe cha lugha kabla watu hawajajaa nyuma yako. Mama mwenye duka anaitwa "imo", na ukimwita hivyo kwa adabu atakuongezea supu ya samaki kwenye kikombe bila kukudai.

Jambo moja wageni wengi hawaambiwi. Vibanda vya barabarani, hasa vya hotteok, yaani chapati nene zilizojazwa sukari, na vya vijiti vya samaki wakati wa baridi, vingi havipokei kadi. Wenyeji hutuma pesa benki kwa kufuata namba iliyobandikwa kwenye kibanda. Wewe utachelewa kupata akaunti kwa sababu benki huitaka kadi ya ukaazi, na kadi hiyo huchukua wiki kadhaa kutoka. Tembea na noti za won elfu moja na elfu tano. Na hotteok usiing'ate katikati, sukari ya ndani imeyeyuka na ina moto: ng'ata ukingoni, acha mvuke utoke, halafu endelea.