Mimi riwaya naichagua kwa sikio

Mwenzetu ameuliza kila mmoja wetu anapenda riwaya za namna gani, na ipi tungempa mtu asiyezoea kusoma aanze nayo. Jibu langu nimelipata kwa marehemu bibi yangu, Langoni, hapa Lamu.

Bibi hakujua herufi za Kizungu. Alisoma Kiswahili cha hati za Kiarabu, na Utendi wa Mwana Kupona, ule wa mwaka 1858, alikuwa nao moyoni. Baada ya magharibi hukaa mkekani akasuka ukindu, nami nikamsomea. Kitabu cha kwanza tulichokimaliza ni Vuta N'kuvute ya Adam Shafi (1999). Tulipofika pale Yasmin, msichana mbichi aliyeozwa Raju mwenye duka, mtu mzima wa kumzaa, anapomkimbia na kwenda kujistiri kwa Mwajuma kule Ng'ambo, mjini Unguja, mikono ya bibi ilisimama. Ukindu ukabaki baina ya vidole. Nikatua kidogo nifunue ukurasa. "Mbona wanyamaa? Soma!" Usiku ule tulisoma mpaka mafuta ya taa yakaisha.

Tangu hapo, riwaya ikinijia mkononi kwanza naisoma kwa sauti kurasa mbili tatu. Mazungumzo yakikwama ulimini, naiweka. Ya Adam Shafi hayakwami. Kuli (1979), inayohusu wapakuzi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa 1948, nilimsomea ami yangu aliyekuwa hamali hapa gatini, akishusha magunia ya saruji kutoka jahazini. Alisikiliza kimya, kisha akashika bega lake la kulia: "Huyu amewaona makuli kwa mato yake." Sijasikia uhakiki uliozidi huo.

Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980) bibi aliisikia mara moja tu. Habari za Maimuna kufungiwa ndani na baba yake zilimkaa vibaya, akaniambia nisiirudie. Mimi nimeirudia, peke yangu, na bado naiona ni kubwa.

Nagona ya Kezilahabi (1990) haifai barazani. Nilijaribu, watu wakaanza kuulizana bei ya samaki. Ile inataka mtu na upweke wake, alfajiri, na asome sentensi moja mara tatu. Naipenda, lakini simpi anayeanza.

Peponi ndiyo iliyonigusa zaidi miaka hii. Abdulrazak Gurnah aliiandika kwa Kiingereza mwaka 1994; Ida Hadjivayanis akaitafsiri, ikatoka 2022. Nilikuwa nimeisoma kwa Kiingereza zamani. Kijana Yusuf anachukuliwa na tajiri Aziz kwa deni la babake, akidhani ni ami yake, mpaka Khalil amsahihishe: si ami, ni Seyyid, yaani bwana. Kwa Kiingereza nililipita jambo hilo haraka. Kwa Kiswahili liliniuma, maana neno ami ndilo niliitalo nyumbani kila siku, na mtoto huyu ananyang'anywa.

Kwa hiyo, mwenzangu, mpe Vuta N'kuvute. Usimwachie aende nayo peke yake. Msomee sura ya kwanza. Nakala yangu siazimi, ya kwanza ilikwenda na haikurudi, na hii imefura kwa chumvi ya bahari. Ila anayekuja Lamu anitafute, tukae barazani baada ya isha nimsomee.