Umehamia Hamilton, Kanada? Habari za mji usizitafute Facebook

Novemba 2023 nilisimama kituoni pale King Street saa kumi na moja alfajiri, baridi inakata masikio, dakika arobaini hakuna basi. Mama mmoja anatembeza mbwa ndo akaniambia madereva wamegoma, kwani hukusikia? Sikusikia. Hela ya teksi siku hiyo ilikula nusu ya nilichoenda kubebea boksi.

Kosa ni langu, maana mi habari zote nilikuwa nasubiri zinifuate Facebook, na huku Kanada tangu Agosti mwaka huohuo Meta, wenye Facebook na Instagram, wameziondoa, huoni gazeti wala tivii Facebook au Instagram. Serikali ilipitisha sheria kwamba hawa wakubwa wa mtandao wavilipe vyombo vya habari, Google wakaja kukubali kutoa dola milioni 100 kwa mwaka, Meta wakakataa katakata. Kwa hiyo huko zimebaki picha za harusi na umbea. Magrupu yetu ya WhatsApp nayo ndo usiseme, mtu anakutumia onyo la theluji la mwaka juzi na wote tunajibu "asante kwa taarifa".

Sasa hivi nafanya hivi. Asubuhi kabla sijavaa viatu nafungua tovuti ya CBC Hamilton, hawa ni shirika la utangazaji la taifa, haidai hela. Jioni CHCH, hawa ni tivii ya mji, chaneli 11, tena nunua antena ndogo tu uiweke dirishani, usiingie mikataba ya kebo ya kila mwezi kama nilivyoingia mimi. Gazeti la mji ni Hamilton Spectator, lipo tangu 1846, wenyewe wanaliita Spec, na kwa kweli mambo ya baraza la jiji na kodi za nyumba wanayachimba hasa, ila kwenye mtandao habari nyingi zimefungwa mpaka ulipie. Kabla hujalipa nenda maktaba kuu ya York Boulevard, pale karibu na soko la wakulima, chukua kadi, ni bure kwa wakazi, na ukae usome gazeti ndani kuna hita.

Wazee watakwambia sikiliza redio ya 900 AM, yaani CHML. Usihangaike, CHML ilikuwa hewani tangu 1927 na ilizimwa Agosti 2024. Hata vile vigazeti vya bure vya kila wiki vya mitaa ya Dundas, Ancaster na Stoney Creek usivisubiri mlangoni, kampuni yao Metroland waliacha kuchapa zaidi ya 70 vya namna hiyo Septemba 2023.

Utasema haya yote ya nini, mi nafanya kazi nalala. Mwaka jana mama mmoja wa Kikongo kwenye jengo letu alipewa karatasi ahame, eti nyumba inakarabatiwa, nikamkuta anafunga masufuria kwenye maboksi. Mimi nilishaona kwenye habari kwamba tangu Januari 2025 Hamilton ina sheria yake, mwenye nyumba anayetaka kukutoa ili akarabati lazima aombe leseni ya jiji. Nikamwambia mama, subiri kwanza. Tukaenda wote kumuuliza mwenye nyumba leseni iko wapi, akaanza kutafuta miwani. Mama bado yupo, juzi kaniletea pondu, kisamvu cha kwao.