Faragha haihitaji kujitetea

Ndugu, hoja yako kwamba asiye na la kuficha hana sababu ya kuhofia serikali inageuza mambo, kwa kuwa Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya haimtaki raia aeleze kwa nini anataka faragha. Ni serikali inayopaswa kueleza kwa nini inaiingilia. Katika kesi za Huduma Namba, mpango wa serikali wa kumsajili kila mtu na kumpa nambari moja ya utambulisho, Mahakama Kuu iliamua Januari 2020 kwamba kukusanya vinasaba (DNA) na vipimo vya GPS vinavyoonyesha mahali hasa pa makazi ya mtu kulikiuka Katiba, na Oktoba 2021 ikabatilisha utoaji wa kadi kwa sababu tathmini ya athari kwa ulinzi wa data haikutangulia. Usajili wenyewe, kusema kweli, haukupigwa marufuku mwaka 2020. Ulitakiwa kwanza uwekewe sheria ya kutosha.