Maswali ya Wasomaji: Kasuku Wangu Amekataa Kuvishwa Mkanda

SWALI: Daktari, pokea salamu zangu kutoka Milimani, Kisumu. Ninafuga kasuku wa kijivu niliyeachiwa na marehemu kaka yangu, pamoja na kibali cha kumfuga. Nilimnunulia mkanda wa kifuani wenye kamba ili jioni niwe nikitoka naye kwenda ufuoni Dunga. Mwanangu alimfunika kwa taulo, tukamvisha kwa nguvu. Alipiga mayowe, akamng'ata kidole, na tangu siku hiyo akiuona tu mkanda hukimbilia pembe ya tundu. Jirani ananishauri nimfunge kamba mguuni kama tunavyofunga kuku. Nifanyeje? — Mama wa Milimani

JIBU: Mama, ushauri wa jirani usiufuate kamwe. Kasuku akishtuka huruka kwa nguvu zake zote, na kamba inapofika mwisho, uzito na kasi yote huishia kwenye mguu mmoja mwembamba, ambao unaweza kuvunjika au kuteguka nyongani. Mkanda wa kifuani hutumiwa kwa sababu hiyo hasa, kwamba mvuto huo hugawanywa mwilini.

Kuhusu yale ya taulo, ndege hana kiwambo kama chetu kinachotenganisha kifua na tumbo. Yeye huvuta pumzi kwa kuusogeza mfupa wa kifua nje na ndani, kwa hiyo akibanwa kifuani, iwe kwa mkono, kwa taulo au kwa mkanda uliokazwa, hukosa hewa hata kama shingo yake haijaguswa. Inawezekana kabisa kwamba hicho ndicho anachokikumbuka kila auonapo mkanda, na mimi simlaumu.

Uweke mkanda huo mbali naye kwa muda, na ukiweza, utafute mwingine wa rangi tofauti. Kisha chagua chakula akipendacho kuliko vyote, tuseme mbegu za alizeti, ukiondoe kwenye bakuli lake ili akipate wakati wa mafunzo peke yake. Utundike mkanda upande wa pili wa chumba anapokula, na kila siku uusogeze kidogo. Ukimwona amebana manyoya mwilini na kuegemea upande mwingine, umesogea upesi mno. Rudi nyuma ulipomwacha akiwa ametulia.

Akishazoea kuuona karibu, shika kitanzi cha shingoni kikiwa kimepanuliwa, nawe ushike mbegu upande wa pili, ili aifikie kwa kupitisha kichwa mwenyewe. Mwanzoni ataugusa kwa mdomo tu, halafu ataingiza kichwa nusu na kukitoa haraka. Mwache akitoe. Usimfuate na kitanzi hata hatua moja, kwa maana ndege anayejua kwamba anaweza kutoka ndiye anayekubali kuingia tena. Akianza kutulia na kichwa ndani, chelewesha mbegu kidogo kidogo. Wakati huohuo, katika vipindi vingine visivyo na mkanda, mzoeze kuinuliwa bawa kwa kidole kisha umtuze, kwa kuwa mikanda ya mabawani ndiyo huwashinda wengi.

Siku ya kuufunga, mvishe mkiwa ndani ya nyumba kwa dakika chache. Mkanda ulale chini ya manyoya, na ncha ya kidole chako kidogo ipite kati yake na kifua. Ataanza kuutafuna, mpe kipande cha mti atafune badala yake, bila kumkaripia. Asiachwe peke yake akiwa ameuvaa, wala usimrudishe nao tunduni, kwani unaweza kunasa. Kazi hii huchukua wiki kwa wengine na miezi kwa wengine, na wako aliyekwisha kutishwa huenda akahitaji muda zaidi.

Dunga usikuharakishie. Pale wavuvi wanaposhusha samaki, mwewe hawakosekani, na kivuli cha mwewe kinatosha kumtia kasuku kiwewe. Anzia uani kwako, asubuhi mapema au jioni, ukiifunga kamba kwenye kifundo cha mkono wako na kuiacha fupi ili asipate nafasi ya kuchukua kasi. Kagua mishono kila mnapotoka, maana mdomo uvunjao kokwa haushindwi na uzi. Watoto wa jirani wasimpe parachichi, kwani kwa kasuku ni sumu. Ndege hatoki jasho. Akiachama mdomo na kutenga mabawa na mwili, joto limemzidi na mrudi ndani mara moja.

Kuhusu kibali, nenda ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, uulize kama bado kinafaa baada ya kaka yako kufariki. Mwaka 2016 nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, zilimwingiza kasuku wa kijivu katika Kiambatisho cha Kwanza, yaani orodha ya viumbe wanaolindwa kwa ukali zaidi, kwa kuwa walikuwa wakinaswa mno kwa ajili ya biashara. Kibali kikishakuwa na jina lako, tembea na nakala yake kila utokapo naye.