Hobi ina faida gani kwa mtu mzima mwenye majukumu? Jibu langu kwa mleta mada

Mkuu mleta mada, umeuliza mambo mawili: kama hobi inamsaidia chochote mtu mzima ambaye siku yake ni kazini, nyumbani, simu, kulala, na kama ipo inayoingiza hela. Hilo la pili nitalijibu mwishoni, na huenda jibu lisikufurahishe.

Mimi kazi yangu ni hesabu za ofisini, hobi yangu ni useremala wa mkono. Vigoda, visanduku, rafu za vitabu. Nilianza kipindi ambacho mwili ulikuwa unafika nyumbani, kichwa kimebaki kwenye barua pepe za bosi. Kila mtu alikuwa ananiambia "pumzika". Nikawa napumzika kweli, yaani najilaza kwenye kochi na simu mkononi, nainuka nimechoka kuliko nilivyokaa.

Randa, kile kifaa cha kulainishia ubao, haikupi nafasi ya kuwaza mambo mawili. Ubao una nyuzi zake, na nyuzi zina mwelekeo. Ukizifuata, maranda yanatoka membamba yanajikunja, na pale ulipopita panang'aa bila hata kupiga msasa. Ukienda kinyume, nyuzi zinanyofoka na kuacha vishimo. Tatizo ni kwamba mwelekeo unaweza kugeuka katikati ya ubao uleule, hasa karibu na kifundo, pale tawi lilipoota. Kwa hiyo unatazama, unasikiliza (sauti ya randa huanza kukwaruza kabla jicho halijaona kitu), unageuza ubao, unarudisha makali ya randa ndani kidogo, unajaribu tena. Ukija kushtuka muda umekwenda na yule bosi hukumkumbuka hata mara moja. Hukufanya juhudi yoyote ya kumsahau, alikosa tu pa kukaa.

Halafu kuna raha ya kumaliza. Ripoti ya mwezi huu ikiisha, ya mwezi ujao inakungoja. Kigoda kikiisha kimeisha, unakikalia.

Wale wa kudai ushahidi: mwaka 2023 jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti uliowahusisha watu zaidi ya 93,000 wa miaka 65 na kuendelea, katika nchi 16. Wenye hobi walikuwa na dalili chache za sonona na waliridhika zaidi na maisha yao. Tusiruke na kusema hobi ni dawa, maana mwenye afya njema ndiye mwenye nguvu ya kushika hobi, na sababu na matokeo yanaweza kuchanganyika hapo. Ila mimi nimeona inatosha kujaribu. Na kama hali yako imefika mahali hulali, huli, huoni maana ya kuamka, nenda ukamwone daktari kwanza. Randa itakusubiri.

Sasa upande wa watu, ambao naona wengi hapa juu wameupita harakaharaka. Ukiwa mtu mzima, karibu kila anayekupigia simu anakujua kwa cheo, kwa ukoo au kwa deni. Kwenye kikundi chetu cha mbao kuna dereva mstaafu, nesi, mwanafunzi wa chuo na wengine ambao hadi leo sijui wanafanya kazi gani. Mwanafunzi ndiye fundi kutuzidi wote, na mzee dereva anamwita "mwalimu" bila utani. Wapi kwingine utaliona hilo? Tunaazimana vifaa, tunachekana maungio ya mbao yanayocheza, basi.

Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alionyesha kwamba watu wengi walipata habari za kazi kupitia watu wanaofahamiana nao juujuu tu, kuliko marafiki wa karibu. Inaeleweka: rafiki yako wa karibu anajua mambo yaleyale unayoyajua wewe. Mimi sikupata kazi, lakini mama alipolazwa, yule nesi ndiye aliyeniambia niulize nini kwa daktari na niandike nini. Tulikuwa hatujawahi kuongea kitu zaidi ya patasi.

Tahadhari moja: mweleze mwenzi wako mapema. Hobi inayokula muda wa familia kimyakimya inaleta kesi nyumbani. Na usinunue vifaa kwa mkupuo, kuna watu hobi yao halisi ni kununua vifaa.

Haya, hela. Zipo hobi zinazouzika, useremala ukiwemo. Lakini siku ukipokea oda ya kwanza, unakuwa na mteja, na mteja ana tarehe yake na malalamiko yake. Mwenzetu mmoja alianza kuuza meza. Siku hizi akija anazungumzia wasiolipa tu. Simlaumu, kama hela inahitajika inahitajika. Ila hiyo iite kazi ya pili, na utahitaji hobi nyingine ya kupumzikia.

Kuhusu pa kuanzia, mimi naangalia kazi ya mtu. Anayekaa kwenye kiti na kutumia kichwa kutwa nzima, ashike kitu cha mikono: bustani, kufuma, mbao. Anayebeba mizigo na kusimama kutwa, useremala wa nini tena? Ajaribu sataranji, au kwaya. Azima kifaa kwanza, na ukichoshwa baada ya muda, acha bila aibu ujaribu kingine.

Hukusema unafanya kazi gani, mkuu. Itaje tukushauri vizuri zaidi, humu kuna wadau wa kila aina ya hobi.