Mama amenyamaza tangu mazishi, sasa anasahau: ni uzee ao ni nini?

SWALI: Jambo dokta. Mama yangu iko na miaka 71, tuko Kadutu. Tangu baba afariki mwaka jana ni kukaa tu kwa kitanda, kanisani haendi tena, bugali anagusa kidogo anasukuma sahani. Sasa imeongezeka na hii ya kusahau, juzi aliniuliza mara tatu kama nimelipa minervali ya watoto, na kuhesabu chenji kulimushinda, yeye aliyeuzisha samaki wa sambaza miaka 30! Shangazi anasema ni uzee, jirani anasema wamemuroga, na mi nimesikia eti huzuni inaleta demansi, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na akili. Ni kweli?
Mtoto wake, Bukavu

JIBU: Jambo, na pole sana kwa msiba wa mzee. Ya jirani tuiache kwanza. Ulichosikia wewe kiko na ukweli: wazee wenye depresioni (huzuni nzito isiyoisha, ni ugonjwa) wanapatwa na demansi karibu mara mbili kuliko wasio nayo, na mwaka 2024 tume ya jarida la kitabibu la Lancet iliihesabu depresioni kati ya mambo 14 ambayo yakishughulikiwa hatari ya demansi inapungua, pamoja na tansio (presha ya damu), sukari, upweke na kutosikia vizuri. Lakini mara mbili si kusema lazima mama atafika huko, wengi hawafiki.

Kwenye watu wanachanganyikiwa ni hapa. Saa zingine depresioni ndiyo demansi yenyewe inabisha hodi, mtu hajawahi kuwa nayo maisha yote, halafu uzeeni inamuingia bila sababu ya kuonekana. Saa zingine ni huzuni tu imefunika akili mpaka mtu anafanana na mwenye demansi, na akitibiwa kumbukumbu zinarudi. Kwa mama ningeanza na hii ya pili, juu huzuni ilitangulia, kusahau kukafuata. Muulize kitu umuangalie: mwenye depresioni mara nyingi atasema "sijui, niache, akili yangu imekwisha", mwenye demansi anaficha, anabuni jibu, anakasirika. Si kipimo hicho, ni dalili tu.

Basi mupeleke wamupime tansio, sukari, tezi ya shingo, vitamini B12, masikio na macho, kisha mufike SOSAME, hospitali ya magonjwa ya akili hapa Bukavu (najua watu wanaogopa eti ni kwa wendawazimu, hapana, hata huzuni ya msiba inatibiwa pale). Dawa za depresioni zinachukua wiki kadhaa, musikate tamaa siku ya tano. Na tafadhali musimununulie diazepamu kwa famasi ili alale, kwa mzee hiyo inazidisha kusahau! Hata akipona, kila mwaka wamuangalie tena kumbukumbu, juu wengine demansi inakuja nyuma.

Sambaza musimunyang'anye, ahesabu yeye, wewe ukae kando. Ila akianza kusema anataka kumufuata mzee, usingoje randevu, mupeleke siku ile ile.